MJADALA: Besiboli ya Marekani iwekewe ukomo wa mishahara, au mabahili ndio wabanwe kwanza?

MLETA MADA

Wakuu, tuweke soka pembeni kidogo. Januari 2026 Los Angeles Dodgers, mabingwa wa besiboli wa 2024 na 2025, walimchukua Kyle Tucker kwa dola milioni 240 za miaka minne. Milioni 60 kwa mwaka kwa mtu mmoja, kwenye timu ambayo tayari ina nyota Shohei Ohtani na Yoshinobu Yamamoto. Kelele zikaanza upya: wekeni ukomo wa mishahara, ligi imeshanunuliwa. Na safari hii si maneno ya kijiweni tu, maana mkataba wa pamoja kati ya wamiliki na chama cha wachezaji unaisha tarehe 1 Desemba 2026.

Msimamo wangu nautoa mapema. Dodgers wanatumia kufuru, sibishi. Ninachokataa ni kuanza na wao. Tuanze na wanaopokea mgao na kuukalia.

Kwa wasiofuatilia mchezo huu: klabu ikimpata kijana inammiliki mpaka atimize miaka sita ya kucheza ligi kuu. Miaka mitatu ya mwanzo analipwa kima cha chini au kidogo juu ya hapo (2025 kilikuwa dola 760,000). Mitatu inayofuata, wasipoelewana, mshahara unaamuliwa na msuluhishi. Akimaliza sita ndipo anakuwa mchezaji huru na kujiuza mwenyewe. Klabu inayomchukua hailipi ada ya uhamisho kwa klabu aliyotoka kama kwenye soka. Na mkataba ukishasainiwa umesainiwa: akiumia bega mwezi wa pili analipwa mpaka senti ya mwisho. Ndiyo maana tarakimu zinatisha. Ni malimbikizo ya miaka ambayo jamaa alikuwa analipwa kiduchu.

Sasa mtazameni Paul Skenes wa Pittsburgh Pirates. Mwaka 2025 alikuwa mtupaji bora (anayemrushia mpigaji mpira) wa National League, moja ya nusu mbili za ligi kuu, anaruhusu wastani wa mbio (pointi) 1.97 kwa kila vipindi tisa. Mshahara wake wa msingi haukufika hata dola milioni moja. Matokeo yake? Alishinda mechi 10, akapoteza 10. Yaani kijana anarusha moto, wenzake hawafungi. Pirates mara ya mwisho kuingia mtoano ilikuwa 2015, na mashabiki wao huimba uwanjani wakimtaka mmiliki, Bob Nutting, auze timu. Hapo kosa la Dodgers liko wapi? Nani aliwakataza Pirates kununua wapigaji wawili wa maana wa kumsaidia huyo mtoto?

Msiniambie hela haipo. Kila klabu hutia asilimia 48 ya mapato yake ya nyumbani kwenye chungu kimoja, halafu zote 30 zinagawana sawa kwa sawa. Wakubwa wanatoka na pungufu, wadogo wanatoka na nyongeza. Juu ya hapo kuna fedha za televisheni ya taifa. Pamoja na yote hayo, Miami Marlins walianza msimu wa 2025 wakiwa na mishahara isiyofika dola milioni 90. Dodgers kwa hesabu ya kodi walipita milioni 400, na kodi ya anasa (ile inayotozwa klabu ikivusha mishahara juu ya kiwango kilichowekwa) peke yake iliwatoka karibu milioni 170. Kodi tu inaishinda mishahara yote ya Marlins!

Kwa hiyo hoja yangu: kwanza kiwekwe kima cha chini cha matumizi kwa kila klabu. Ya ukomo tutaongea baadaye. Karibuni.

MDAU WA MINNEAPOLIS

Mkuu, nimekusoma, ila unaongea kama mtu asiyeishi kwenye mji wa timu ndogo. Mimi niko huku kwa Twins. Julai 2025, siku chache kabla dirisha la kubadilishana wachezaji halijafungwa, waliondoa wachezaji kama kumi kwa mpigo. Carlos Correa akarudishwa Houston, na Twins wakakubali kubeba sehemu ya mshahara wake ilimradi aondoke. Mwezi wa nane unaenda uwanjani, nusu ya majina kwenye ubao huyajui, na bia ni bei ileile.

Hicho chungu unachokisifia hakizibi pengo. Dodgers wana mkataba wa televisheni wa dola bilioni 8.35 kwa miaka 25. Timu nyingi za miji midogo zilikuwa zinategemea kampuni ya Diamond Sports, ambayo Machi 2023 ilikimbilia mahakama ya muflisi. Mmoja anakula mkataba usiotikisika mpaka mwishoni mwa miaka ya 2030, mwingine kila mwaka hajui mlipaji wake ni nani. Ukiwawekea wote kima cha chini kimoja, wa pili anakopa ili apigwe vizuri zaidi.

Waangalie Milwaukee Brewers. Wamefanya kila kitu unachokitaka: wanalea vijana, wanatumia akili, 2025 wakamaliza na rekodi bora ya ligi nzima, ushindi 97. Halafu wakakutana na Dodgers kwenye fainali ya National League, wakafagiwa 4-0. Mechi ya nne, tarehe 17 Oktoba, Ohtani alitupa na kuwatoa wapigaji 10, na jioni hiyohiyo akapiga mpira nje ya uwanja mara tatu. Mtu mmoja! Milwaukee wampate wapi mtu wa namna hiyo?

Na mkataba wenyewe wa Ohtani mmeusahau? Milioni 700 kwa miaka 10, lakini anachukua milioni 2 tu kwa mwaka. Milioni 680 zinasubiri, analipwa milioni 68 kila mwaka kuanzia 2034 hadi 2043, bila riba. Kwa kodi anahesabiwa kama milioni 46 kwa mwaka. Kwa utaratibu huo nani hawezi kununua nyota watano? Soka ya Kimarekani wana ukomo, kikapu wana ukomo, magongo ya barafu wana ukomo. Besiboli tu ndiyo soko huria.

MLETA MADA

Wa Minneapolis, nakujibu kwa vipande.

Twins: 2023 walishinda raundi ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2002. Mji ukafurahi, tiketi zikauzwa. Kabla ya msimu uliofuata wamiliki, familia ya Pohlad, wakafanya nini? Wakapunguza bajeti ya mishahara. Televisheni ndiyo, ilitikisika. Lakini Oktoba 2024 waliitangaza klabu kuwa inauzwa, Agosti 2025 wakabadili mawazo, wakaingiza wabia wachache na kubaki nayo. Mwenye mali anayelia hasara huwa anang'ang'ania mali hivyo?

Malipo ya baadaye: si uchawi wa Dodgers. New York Mets wanamlipa Bobby Bonilla dola 1,193,248.20 kila tarehe 1 Julai, tangu 2011 mpaka 2035, na jamaa aliacha kucheza zamani. Sheria inairuhusu kila klabu, na inaitaka itenge fedha hizo mapema kwa thamani yake ya leo, haisubiri 2034 ifike. Sharti ni kuwa na mchezaji anayekuamini kiasi cha kukukopesha. Ohtani angewaamini akina Nutting?

Ushindani: tangu New York Yankees wachukue mara tatu mfululizo 1998 hadi 2000, hakuna timu iliyotetea ubingwa mpaka Dodgers 2025. Robo karne, bila ukomo. Huko kwenye soka ya Kimarekani yenye ukomo, Kansas City Chiefs wamebeba makombe matatu ndani ya misimu mitano. Na hela peke yake haichezi. Desemba 2024 Mets walimpa Juan Soto milioni 765 kwa miaka 15, mkataba mkubwa kuliko yote, hakuna senti ya kusubiri. Wakamaliza 2025 na ushindi 83, vipigo 79, mtoano wakautazama kwenye televisheni kama mimi na wewe.

Brewers nakubali wanauma. Ila fainali yenyewe Toronto waliwapeleka Dodgers mpaka mechi ya saba, vipindi 11, 5-4.

MDAU WA NAIROBI

Wazee, mnajadili kana kwamba ukomo ni wazo jipya. Wamiliki wamekuwa wakiutafuta kabla wengine wenu hamjazaliwa.

Mchezaji zamani hakuwa huru hata kidogo. Kulikuwa na kifungu kilichomfunga kwa klabu yake maisha. Curt Flood wa St. Louis aliuzwa Philadelphia 1969, akakataa kwenda, akaenda kortini, akashindwa Mahakama Kuu ya Marekani 1972. Uhuru ulikuja Desemba 1975 kwa uamuzi wa msuluhishi Peter Seitz. Miaka kumi baadaye wamiliki wakakubaliana chinichini wasiwaguse wachezaji huru wa wenzao. Wakakamatwa, wakalipa dola milioni 280 mwaka 1990. Halafu 1994 wakaleta ukomo mezani. Wachezaji wakagoma tarehe 12 Agosti, siku 232, na World Series, yaani fainali ya ubingwa, ikafutwa kwa mara ya kwanza tangu 1904.

Sasa sikizeni hii. Siku mgomo ulipoanza, timu iliyokuwa na rekodi bora ilikuwa Montreal Expos, ushindi 74, vipigo 40. Timu ya mishahara midogo! Ukomo uliodaiwa ni wa kuziokoa timu kama hiyo ndio ulioiua. Wachezaji wakauzwa, mashabiki wakapotea, na 2005 klabu ikahamia Washington. Kwa hivyo mtu akiniambia ukomo ni kwa ajili ya wadogo, namwambia afungue vitabu kwanza. Atlanta Braves wako soko la hisa, hesabu zao tunazisoma. Wengi wa waliobaki wanataka tuamini tu.

MDAU WA KAMPALA

Nyote mnagombania hela za mamilionea, mimi naangalia chini kabisa. Huku Uganda besiboli ipo. Vijana wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza Little League World Series, mashindano ya dunia ya watoto, 2012. Mwaka 2022 Dodgers walisajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Pirates mnaowatukana wana mtupaji wetu David Matoma, na ndio waliomleta Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza ligi kuu, 2017. Muwape haki yao.

Kwa kijana kama Matoma ukomo upo tayari. Fedha za kusajili vijana wa nje ya Marekani zina kikomo kwa kila klabu, na hakuna anayepiga kelele. Ngazi ya chini kabisa walikuwa wanalipwa dola 4,800 kwa mwaka mpaka chama kilipowatetea 2023, ikapanda hadi 19,800. Akipanda ngazi zote, bega likabaki zima, ndipo saa ya ile miaka sita inaanza kuhesabu. Akiingia ligi kuu na miaka 25, uhuru anaukuta na miaka 31, wakati mashine za kompyuta za klabu zimeshaandika kwamba anashuka. Punguzeni iwe minne. Akina Skenes wakilipwa mapema, hizo milioni 765 za mtu mmoja zitapungua zenyewe.

MDAU WA MINNEAPOLIS

Wa Kampala ameongea. Lakini mleta mada hajaguswa bado, ngoja nimguse. Kima chako cha chini kilishaletwa. Agosti 2021 wamiliki walipendekeza kila klabu itumie angalau dola milioni 100. Walioukataa ni chama cha wachezaji. Kwa nini unalaumu wamiliki?

MLETA MADA

Kwa sababu umesoma ukurasa wa mbele tu. Pendekezo lilelile lilishusha kiwango cha kuanza kutozwa kodi kutoka milioni 210 mpaka 180. Wakupe mia chini, wakukate juu, halafu uwashukuru? Hakuna chama chenye akili timamu kingesaini. Desemba wakawafungia wachezaji milango kwa siku 99.

Changu ni hiki: kima cha chini milioni 130, kiwango cha juu kisiguswe, na klabu isiyofika ikose mgao wa chungu mwaka huo. Ya Kampala naibeba pia, miaka minne badala ya sita. Wewe ukomo wako ni shilingi ngapi, na nani akague hesabu?

MDAU WA MINNEAPOLIS

Milioni 250 juu, 150 chini, na mkaguzi achaguliwe na pande zote mbili, vitabu vya klabu zote 30 vifunguliwe kabla hata mtu hajakaa mezani. Kwenye vitabu tuko pamoja. Kwenye Tucker hatuko.