Skrini za kuprinti fulana: kivuli cha mchoro wa zamani hakitoki, nitumie nini?

Mama_Sare, Tanga

Wakuu habari za jioni.

Naprinti fulana na vitambaa vya sare hapa nyumbani. Wateja wangu ni vikoba, kwaya, mahafali ya shule za msingi, na misiba pia, maana familia nyingi siku hizi zinataka fulana yenye picha ya marehemu. Fremu zangu ni za mbao, kanichongea seremala wa mtaani, na neti nimeibana kwa pini za stepla. Neti ni poliesta: 43T kwa maandishi makubwa na 77T kwa picha. Wino natumia wa maji.

Kazi zangu karibu zote hazirudiwi. Mahafali yakiisha, ule mchoro hauna kazi tena, inabidi nivue emalsheni, ule utando unaoziba neti na kuacha mchoro tu wazi, nichome mchoro mwingine kwa mwanga kwenye skrini ileile. Neti naagiza Dar kwa mita, nauli ya kifurushi juu yangu, kwa hiyo kuchana neti na kuweka mpya kila baada ya kazi mbili tatu ni kumfanyia kazi muuza neti.

Shida iko hapa. Nikisafisha, wino unatoka, emalsheni inatoka katikati, lakini jina la kikundi cha zamani linabaki linasomeka kwenye neti, la bluu iliyopauka. Halafu pembezoni mwa fremu kuna vipande vya emalsheni vimeng'ang'ania, hata nisugue kwa brashi ya kufulia haviachii. Nimejaribu jiki, sabuni ya unga na petroli. Petroli iliniumiza kichwa usiku kucha na vipande vikabaki palepale.

Naomba kujua: kile kivuli kitatokea kwenye fulana za mteja mwingine? Na vile vipande navitoaje? Kuna mtu kaniambia nitumie kostiki soda ya kutengenezea sabuni. Nina watoto wadogo, na uani ninakosafishia skrini ndiko tunakofulia na kuoshea vyombo. Naomba kuwasilisha.

Likoni_Prints

Dada pole na kazi. Mimi niko Mombasa, wino wangu pia ni wa maji. Kusugua kwa nguvu wacha kabisa, unailegeza neti na unachosha mkono bure. Ukishapaka dawa ya kuvua emalsheni na emalsheni ikaanza kulainika, maji ya presha ndiyo yanayoisukuma itoke kwenye matundu. Kama huna mashine, beba skrini zako mpaka pale wanapoosha magari. Mwambie kijana asimame mbali kidogo, futi mbili hivi, na atumie ile nozeli inayotawanya maji kama feni. Ile inayotoa maji kama mshale itatoboa neti, ama ing'oe pini zako za stepla. Mimi huzikusanya zikiwa nyingi ndipo naenda, na hunitoza kama pikipiki moja.

Fundi_Neti, Mbagala

Dada Mama_Sare, kabla hujanunua kitu, chukua hiyo skrini ikiwa kavu, inyanyue kuelekea kwenye mwanga wa dirisha, kisha utazame kupitia neti. Usiangalie rangi ya uzi, angalia matundu. Mwanga ukipita kwenye yale maandishi sawasawa na unavyopita pembeni yake, basi uzi umeshika rangi tu na matundu yako wazi. Wino mpya utapita hapo kama kawaida na mteja wako hataona kitu. Poliesta ikishanyonya bluu au nyeusi haiachii kirahisi. Nina neti zimebeba vivuli vya michoro mingi kimoja juu ya kingine, na bado zinatoa kazi safi.

Lakini ukiona herufi za zamani ni giza, au matundu yamefungwa nusu kama yana utando, huo ni wino uliokauka mle ndani, na huo utakuharibia kazi. Hasa kwenye 77T. Ile namba maana yake ni nyuzi kwa kila sentimita, kwa hiyo 77T matundu yake ni madogo kuliko ya 43T na yanaziba mapema. Ukichoma picha ya marehemu kwenye 77T yenye utando, vitone vinavyounda picha ya uso vitakatika pale zilipokuwa herufi za kikundi, na familia italiona hilo kabla yako. Skrini zenye kivuli kizito zipeleke kwenye maandishi makubwa, ile iliyo safi kuliko zote itunze kwa ajili ya nyuso za watu.

Sasa kuhusu usafi wenyewe. Watu wengi wanahangaika na dawa wakati kinachowasumbua ni utaratibu. Wino utoke kwanza wote, ndipo uvue emalsheni, na mafuta yatolewe mwisho. Dawa ya kuvua emalsheni inafanya kazi ikigusa emalsheni yenyewe. Ikikuta utando wa wino mkavu juu yake haipenyi, unabaki unasugua wino ukidhani unasugua emalsheni.

Na kwa wino wa maji, kazi ya kusafisha inaanza ukiwa bado unaprinti. Joto la Tanga unalijua. Simu ikiita, mteja akija kubishana bei, wino unakauka kwenye matundu. Kila ukishavuta skwiji (ule mpira wa kusukumia wino) na kuinua fremu, rudisha wino uufunike mchoro wote juu ya neti, usiache uzi mtupu. Ukisimama kidogo, wino ule mbichi unalinda matundu. Kazi ikiisha, kwangua wino uliobaki kwa kipande cha plastiki laini, urudishe kwenye kopo, halafu papo hapo peleka fremu kwenye maji ya baridi. Sponji pande zote mbili, anzia upande wa fulana, maana huko ndiko wino unakojificha kwenye kingo za herufi. Usiseme nitaosha baada ya kula.

Vile vipande vya pembezoni nina swali. Unabandika tepu kuzunguka fremu ili wino usipenye pembeni? Kama ndiyo, vinaanzia hapo. Tepu ya kahawia ya maboksi ikibanduliwa inaacha gundi, na gundi ile inazuia dawa kabisa. Pia pembezoni ndiko emalsheni inakojaa nene unapopaka, kwa hiyo mwanga wakati wa kuchoma haufiki chini vizuri. Emalsheni iliyoiva nusu inasumbua pande zote mbili: inamomonyoka wakati wa kuprinti na inakataa kutoka wakati wa kuvua. Paka nyembamba, pitisha ubao wa kupakia mara ya mwisho bila kuongeza emalsheni, na zile kingo zifute kwa kadi ngumu ingali mbichi.

La mwisho kwa sasa: emalsheni yako uliinunua kopo moja lililo tayari, au kopo pamoja na kichupa kidogo cha kuchanganya? Jibu hilo ndiyo tujue kama jiki itakusaidia.

Kostiki soda achana nayo. Inakula poliesta taratibu, hasa ikiwa ya moto, inakula fremu za aluminiamu kabisa, na tone moja kwenye jicho la mtoto ni hospitali. Na petroli hiyo usiirudie ndani ya ua wenye jiko.

Mama_Sare, Tanga

Asante sana kaka. Nimezinyanyua zote dirishani sasa hivi. Za 43T mwanga unapita vizuri, kivuli ni rangi tu. Moja ya 77T ina utando kwenye herufi, umesema kweli tupu.

Emalsheni ni kopo na kichupa, kile unachotia maji, unatikisa, unamimina koponi. Tepu ni ile ya kahawia, ndiyo. Sasa nipe jiki inavyotumika, maana mimi nilikuwa naimwaga tu juu ya skrini na kuanza kusugua.

Mwl_Kemia

Naingilia kidogo kwa sababu kuna watoto hapo nyumbani. Jiki ni sodiamu hipokloriti. Ikichanganywa na siki, ndimu, au zile dawa za choo zenye asidi, inatoa gesi ya klorini. Ikichanganywa na kitu chenye amonia, mfano baadhi ya dawa za kusafishia vioo, inatoa kloramini. Zote mbili zinachoma mapafu, na kwenye bafu dogo lisilo na dirisha hali inakuwa ya hatari kweli. Kwa hiyo jiki itumike peke yake na maji, nje penye hewa, ukiwa na glavu na miwani. Beseni la kazi hiyo lisiwe la vyombo. Na usiihamishie kwenye chupa ya soda, hata kwa nusu saa. Mtoto anaijua ile chupa.

Fundi_Neti, Mbagala

Mwalimu kasema vizuri, yasisitizwe hayo.

Kopo na kichupa maana yake ni emalsheni ya diazo. Nyingi za aina hiyo zinakubali jiki, ila inahitaji muda wa kukaa, na kuimwaga tu inatiririka chini kabla haijafanya kitu. Fanya hivi. Kwanza toa gundi ya tepu: kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, nje, mbali na moto, kisha osha na sabuni ya vyombo mpaka harufu iishe. Ukishasuuza, laza skrini kwenye kivuli. Chukua vipande viwili vya kanga kuukuu unavyokubali vipauke, viloweshe jiki, weka kimoja chini ya neti na kingine juu, halafu funika kwa nailoni ili isikauke. Robo saa inatosha kuona dalili. Emalsheni itaanza kuwa telezi na kupauka. Hapo pitisha brashi laini pande zote, kisha maji ya nguvu, iwe presha kama alivyosema ndugu wa Likoni au mpira wa bustani uliobana mdomo kwa kidole. Palipobaki, rudia hapo tu.

Kama haitoki hata ukirudia, nunua dawa yenyewe ya kuvua emalsheni. Ukifika kwenye maduka ya vifaa vya kuprinti sema hivyohivyo, dawa ya kuvua emalsheni. Nyingi zina sodiamu metaperiodeti na zinauzwa za unga au za maji. Hii inafanya kazi haraka mno kuliko jiki, dakika moja au mbili, na inavua hata emalsheni za kopo moja zinazoikataa jiki. Sharti lake ni moja na ni zito: isikaukie kwenye neti. Ikikauka, emalsheni inajifunga moja kwa moja na hakuna dawa nyingine itakayoitoa hapo. Kwa hiyo usipake skrini nne kwa pamoja. Moja, ioshe, ndipo ya pili. Na usifanye juani.

Kuna watu pia wanapaka ile dawa ya kukazia ili mchoro udumu kwa kazi kubwa. Skrini iliyopakwa hiyo usiihangaikie, imeshakuwa ya mchoro huo mpaka neti ichanike.

Baada ya kuvua, suuza mpaka harufu ya jiki iishe kabisa, maana mabaki yake yatakula emalsheni mpya utakayopaka. Halafu osha neti kwa sabuni ya vyombo ya kawaida, isiwe ile yenye losheni ya kulainisha mikono. Mwagia maji utazame: yakitandaa kama karatasi moja juu ya neti, iko tayari. Yakijikusanya matone matone, bado kuna mafuta, na emalsheni itaacha vitundu vidogo mahali hapo. Tangu wakati huo usiiguse neti kwa vidole, shika fremu tu. Kitundu kimojakimoja kikitokea, hata rangi ya kucha inakiziba.

Mama_Sare, Tanga

Ile 77T imeanza kufunguka, herufi mbili bado. Fremu za mbao hazitaharibika na maji yote haya? Na haya maji machafu nayamwaga wapi?

Fundi_Neti, Mbagala

Mbao inavimba, ikikauka inapinda, na ikipinda pembe moja haikai kwenye meza. Fremu ambazo bado hujaweka neti, zipake vanishi pande zote, hasa kwenye viungo, mara mbili. Zilizokwisha kuwekwa neti paka kwa brashi ndogo ukiilinda neti kwa gazeti. Jiki inaozesha pini za stepla, na kutu ikianza inadondoka kwenye kitambaa cheupe. Ukiona pini zimegeuka kahawia, zing'oe uweke mpya huku ukiivuta neti upya, maana kufikia hapo na yenyewe itakuwa imelegea. Kausha fremu ikiwa imelala kivulini, usiiegemeze ukutani.

Maji ya jiki yaongezee kwanza maji mengi ya kawaida, ndipo uyamimine kwenye shimo la choo, usiyamwage bustanini wala kwenye mfereji unaopita kwa jirani. Wino mwingi usiuoshee kabisa, ndiyo maana nikasema ukwangue kwanza. Na kama kuna siku utashawishika kuchanganya emalsheni yako mwenyewe kwa gundi ya mbao na baikromati, ile chumvi ya rangi ya chungwa, kwa nyumba yenye watoto nakukataza. Ile ni kromiamu inayosababisha saratani, inaingia kwa vumbi na kupitia ngozi, na maji yake hakuna pa kuyamwaga hapo uani.

Hizo herufi mbili, kabla hujaendelea na jiki angalia kama kilichobaki ni emalsheni au wino. Kikiwa wino, jiki haitakisaidia. Suuza kwanza jiki yote itoke, ndipo uchukue kitambaa chenye spiriti, bana neti pande mbili kwa mikono miwili, zungusha polepole.