Mjadala: Anayeifanyia kazi kampuni ya ng'ambo akiwa Mombasa, ni mwajiriwa au mkandarasi?

MWENYE MADA (Tudor)

Wanamvita na wageni wetu, hamjambo. Hoja yangu ni hii, na najua itatugawa: mtu anayeifanyia kazi kampuni moja ya nje, kwa saa ilizopanga kampuni hiyo, chini ya msimamizi wake, huku amekaa hapa Mombasa, ahesabiwe kuwa mwajiriwa kwa sheria ya Kenya. Hata kama karatasi aliyotia sahihi inamwita mkandarasi huru. Apate likizo, notisi na siku ya mapumziko kama mwenzake wa bandarini au wa hotelini.

Naanza na mazuri kwa sababu yapo, na ni makubwa. Mji huu umeishi kwa bandari na watalii, na vyote viwili vimewahi kutuangusha. Mizigo ilipoanza kulazimishwa kupanda SGR, reli mpya, kwenda Nairobi mwaka 2018, ofisi za uwakala wa forodha zilipunguza watu, nyingine zikafunga milango, na madereva wa malori wakakaa nyumbani. Amri ile iliondolewa Septemba 2022, lakini waliomaliza shule katika miaka ile hawakungoja. Nao walikuwa na bahati moja: nyaya za intaneti zipitazo baharini huingilia nchini kwenye ufuo wetu. SEACOM na TEAMS zilifika mwaka 2009, EASSy mwaka uliofuata. Leo kuna watu Kisauni, Bamburi, hata Mtongwe, wanaoandika programu, kutunza hesabu na kujibu wateja wa kampuni ambazo hawajawahi kukanyaga mlangoni pake. Wanalipwa kwa dola, wanalala kwao, wanamwona mzazi mgonjwa mchana.

Mimi ni mmoja wao. Natunza hesabu za kampuni ya Marekani, na wenzangu wako Manila, Warsaw na Lagos. Yule wa Warsaw amenifundisha kufunga vitabu vya mwezi kwa namna ambayo sikuiona katika ofisi yoyote hapa: kila hatua inaandikwa, kila swali linajibiwa kwa maandishi, ili anayeamka wakati wewe umelala aendelee bila kukutafuta. Sitaki kazi hii itoweke.

Sasa tazameni nyumba yenyewe usiku. Mkutano wa timu ni saa tatu asubuhi ya California. Kwetu hiyo ni saa moja au saa mbili usiku, kwa sababu wao huzisogeza saa zao mara mbili kwa mwaka na sisi hatuzisogezi. Meza iko sebuleni. Pangaboi inazimwa, kelele yake inaingia kwenye kipaza sauti. Madirisha yanafungwa kwa ajili ya tuktuk. Televisheni inakatwa sauti, mama anahamia jikoni na wageni wake, watoto wanaambiwa nyamazeni. Joto la Februari, jasho linateremka mgongoni, na wewe mbele ya kamera unatabasamu. Mwezi wa Ramadhani mkutano huo huo unaangukia taraweh. Na mwenzetu wa Manila, saa hiyo kwake ni usiku wa manane. Walioko California peke yao ndio wanaoanza siku. Hakuna aliyetuuliza saa gani inatufaa. Mkandarasi huru gani huyu asiyepanga saa zake mwenyewe?

BIN KIBOKONI

Ndugu yangu wa Tudor, umesema kwa uchungu na nimekusikia, lakini hoja yako ikipita itatukosesha kazi.

Mimi naandika programu, nina wateja wawili, mmoja Berlin na mmoja London. Berlin tunaitangulia saa moja au mbili, London mbili au tatu, kwa hivyo jioni yangu ni yangu. Swala ya Ijumaa niliiweka wazi tangu siku ya kwanza: kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane sipatikani, na hawanitafuti. Nikiitwa mwajiriwa, wa Berlin atanikataza kumhudumia wa London. Leo nachukua kazi nikitaka, naiacha nikitaka, bei naitaja mimi.

Halafu fikiria upande wao. Kampuni changa yenye watu kumi haitatafuta wakili Nairobi ili ielezwe NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, ni nini. Itafuta jina la Kenya kwenye tangazo la kazi na kubakisha Ufilipino, India na Nigeria. Tutakuwa na sheria nzuri na hakuna wa kuitumia.

DADA WA MTOPANGA

Kaka Bin Kibokoni, wewe una wateja wawili na taaluma inayogombewa. Wengi wetu hatuko hapo.

Mimi nilikuwa najibu wateja kwa njia ya gumzo, zamu ya usiku, kampuni moja tu, msimamizi mmoja, na mfumo unaohesabu dakika nilizoondoka kwenye kiti. Nilipopata mimba niliwaambia mapema ili wajipange. Wiki iliyofuata niliwasha laptopu, nenosiri likakataa. Nikadhani ni hitilafu, nikaandikia watu wa mitambo. Jibu lilikuja baada ya saa kadhaa, mistari mitatu: mkataba umesitishwa, asante kwa mchango wako. Hata ujumbe wangu na wenzangu wa timu ulifungwa, sikuwaaga.

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwanamke miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na inakataza kumfukuza kwa sababu ya mimba. Wifi yangu anayefanya kazi hotelini Nyali aliipata, akarudi kwenye meza yake ile ile. Mimi nilifanya saa nyingi kuliko yeye. Tofauti yetu ilikuwa neno moja kwenye karatasi, na neno hilo liliandikwa na kampuni, si na mimi. Kwa hivyo namuunga mkono mwenye mada bila kusita.

FUNDI WA LIKONI

Nisameheni, naona mmesahau jambo linalotuuma sisi tunaolipwa kwa saa: nani anabeba hasara mambo yakikatika?

Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti yetu ikakokota kwa siku kadhaa. Hayo ni makubwa yaliyotangazwa. Ya kila wiki hayatangazwi: tokeni zimeisha, transfoma ya mtaa imelipuka, mvua imenyesha. Kwenye kompyuta ya bosi inaonekana tu kwamba hukuwepo, na saa hizo hulipwi. Betri, inveta na laini ya pili ya intaneti nimenunua kwa pesa yangu, na ndiyo bei ya kubaki kazini. Aliye ofisini, jenereta ni ya mwenye ofisi.

Dola nayo. Januari 2024 ilikuwa inakaribia shilingi 160. Kufika Aprili ilikuwa kwenye 130. Mshahara wangu wa dola haukubadilika hata senti, lakini hapa Likoni ulipungua karibu moja kwa tano, na mwenye nyumba hakushusha kodi.

Lakini sipandi tena feri ya saa kumi na mbili asubuhi, na watoto wananijua. Mkiniuliza, nataka posho ya vifaa na malipo ya siku za kukatika kabla ya kuitwa mwajiriwa.

WAKILI WA MWEMBE TAYARI

Niongeze upande wa sheria, maana watu wanabishana kana kwamba jambo hili halijawahi kufika mahakamani.

Kwanza, mahakama zetu za ajira huangalia hali halisi ya kazi: nani anapanga saa, nani anasimamia, vifaa ni vya nani, unaweza kumtuma mtu mwingine mahali pako au la. Jina lililoandikwa juu ya mkataba halimalizi mambo. Dada wa Mtopanga, kwa hayo uliyoeleza, ungekuwa na hoja nzito mbele ya jaji.

Pili, kuhusu kampuni za nje. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba Meta, kampuni inayomiliki Facebook, inaweza kushtakiwa Kenya katika kesi za waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook Nairobi, ingawa waliajiriwa kupitia kampuni nyingine. Ni hatua kubwa. Ila msiichukulie kuwa kinga ya kila mtu. Meta ni kubwa na ina biashara hapa. Kampuni ndogo isiyo na ofisi, akaunti wala samani nchini, hata ukiishinda, hukumu utaipeleka kwa nani? Hapo ndipo hoja ya mwenye mada inapokwama. Kwa maoni yangu njia iliyopo ni ile ya kampuni ya kati iliyosajiliwa Kenya, inayomwajiri mtu kwa niaba ya kampuni ya nje, inakata kodi, inalipa makato, na ina mlango wa kugonga.

Tatu, kwa ufupi: mkazi wa Kenya anatozwa kodi ya mapato hata pesa ikitoka nje. Mwajiriwa hukatwa na mwajiri kila mwezi. Mkandarasi anajaza mwenyewe, na siku ya mwisho ya kuwasilisha ni 30 Juni. Wengi wanaokuja kwangu hawajui hili mpaka wapate barua.

MWENYE MADA (Tudor)

Nashukuru wote. Wakili, kuhusu kutekeleza hukumu umenishika, na kampuni ya kati naikubali kuwa njia. Dada wa Mtopanga, pole sana. Hakuna aliyepaswa kukutendea hivyo.

Bin Kibokoni, nijibu hofu yako, kwa sababu ndiyo inayowafanya vijana wanyamaze. Wewe mwenyewe hoja yangu haikugusi: una wateja wawili, bei unataja, saa unapanga. Baki mkandarasi. Nazungumzia aliye na kampuni moja na zamu aliyopangiwa.

Na gharama yenyewe tuihesabu, tusiiogope gizani. Michango ya SHA, bima ya afya ya taifa, ya asilimia 2.75 inakatwa kwa mfanyakazi, mwajiri haongezi kitu. Ushuru wa nyumba mwajiri anaongeza asilimia 1.5. NSSF analingana na mfanyakazi, asilimia 6, na ina kikomo, kwa hivyo kadiri mshahara unavyopanda ndivyo mzigo huo unavyozidi kuwa mwepesi kwake. Mtunza hesabu nawaambia: hakuna kampuni inayolipa mishahara ya California itakayohama Kenya kwa makato haya. Kinachoigharimu ni likizo ya siku 21, miezi ya uzazi, na kutoweza kumwacha mtu kwa mistari mitatu. Yaani kinachoigharimu ni kumtendea mtu kama mtu. Kama faida yake inategemea kukwepa hilo, faida hiyo inatoka mifukoni mwetu.

BIN KIBOKONI

Makato nimekuelewa, sikujua SHA haimgusi mwajiri. Lakini hukujibu karatasi na usumbufu. Pesa kidogo, usumbufu mwingi, na kampuni changa huogopa usumbufu kuliko pesa. Kampuni ya kati nayo hutoza ada kwa kila mtu kila mwezi. Ada hiyo itakatwa kwenye mshahara wa nani? Wangu.

Pia nahofia hili litafungua mlango kwa mengine. Mwaka 2022 ulipelekwa Seneti mswada wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu simu wala ujumbe wa kazi baada ya saa za kazi. Ufaransa wana sheria ya namna hiyo tangu 2017. Kwa karani wa ofisini ni jambo jema. Kwa mtu ambaye bosi wake anaamka wakati yeye anakula chajio, saa za kazi zinahesabiwa kwa saa ya nani? Sheria ya aina moja kwa kila mtu itamfungia nje kijana wa Majengo ambaye yuko tayari kufanya usiku na kulala mchana kwa hiari yake.

Notisi nakubali. Hakuna mtu, mwajiriwa au mkandarasi, anayepaswa kuamka akute nenosiri limekataa. Sheria inawapa wanaolipwa kwa mwezi siku 28. Hizo nami nazitaka kwa wateja wangu.

DADA WA MTOPANGA

Notisi ya siku 28 ingenilipia kodi ya nyumba na kliniki ya mwanzo. Ni kitu. Lakini msitufanye tushangilie notisi kana kwamba ndiyo likizo ya uzazi. Mwanamke mwenye mimba akipewa notisi, bado amefukuzwa kwa sababu ya mimba, ila kwa adabu. Mimi hapo sitoki.

WAKILI WA MWEMBE TAYARI

Ni kweli, dada, hayo ni mambo mawili. Notisi ina uzuri mmoja: haihitaji kungoja Bunge. Inaandikwa kwenye mkataba leo, kwa mkandarasi na kwa mwajiriwa. Ila mnapoiandika, angalieni na kifungu kilicho karibu na mwisho, kinachosema mgogoro utaamuliwa kwa sheria ya nchi gani na wapi. Mkisaini kwamba kesi itasikizwa Marekani, notisi yenu mtaidaia huko.

FUNDI WA LIKONI

Nimeufungua wangu sasa hivi. Umeandikwa sheria ya Delaware, jimbo la Marekani, na usuluhishi ufanyike huko huko. Unaisha mwezi wa sita. Wakili, naweza kuomba kifungu hicho kibadilishwe nikisaini upya, au nikilitaja hilo wataona mimi ni mtu wa matata?

WAKILI WA MWEMBE TAYARI

Omba. Mkataba mpya ni makubaliano mapya, na mtu wao wa mikataba amezoea maombi hayo kutoka kwa wengine. Usianze na sheria ya Kenya kwa kila kitu, watashtuka. Omba kwanza usuluhishi ufanyike kwa njia ya mtandao badala ya Delaware, omba notisi ya siku 28, na omba saa za kukatika kwa stima zilizothibitishwa zifidiwe kwa kufanywa siku nyingine. Wakikubali mawili kati ya hayo matatu, saini. Wakikataa yote, niletee barua yao tuisome kabla hujajibu.