Mafundi mnaoshusha hedi bila kupima chochote, mnatuumiza!

Wakuu, nina hasira. Oili ikionekana tu kwenye rejeta, gereji nyingi hapa Dar zina jibu moja: "Gasketi ya hedi imekufa, tushushe hedi." Yaani wafungue kichwa cha injini kinachofunika silinda, wabadilishe gasketi, ile pakiti ya kuziba katikati. Fundi anachungulia, anatikisa kichwa, anakuandikia orodha ya spea. Kupima hakuna.

Gari ni Prado ya dizeli, injini 1KZ, gia za mkono. Kwenye tenki dogo la maji kulikuwa na utando wa kahawia, mzito kama uji, umeganda mpaka chini ya kifuniko cha rejeta. Ukiugusa unateleza, vidole vinabaki na weusi. Nilimweleza mwenye gereji kila kitu: mshale wa joto haupandi, moshi mweupe hakuna, asubuhi ukiwasha mpira wa rejeta unabaki laini, stiki ya kupimia oili haina maji ila oili inapungua. Hakusikiliza hata nusu. Akasema 1KZ zinajulikana kwa kupasua hedi. Sawa, zinajulikana, lakini hilo si kipimo cha gari langu!

Hedi ikashuka, ikapigwa fesi (uso wake ukasawazishwa), gasketi mpya, boliti mpya. Rejeta wakaiosha kwa sabuni ya unga, wakajaza maji ya bomba. Nikalipa. Haikupita wiki, uji umerudi. Naambiwa "hayo ni mabaki." Mabaki gani yanashusha oili kwenye stiki?

Fundi mwingine, kijana mdogo tu, alifungua kipoza oili ubavuni mwa bloku ya injini, kile ambamo maji hupita kuipoza oili, akaziba tundu moja, akakizamisha kwenye ndoo ya maji ya moto, akapuliza upepo wa kompresa tundu la pili. Mapovu yakatoka mstari mzima kwenye maungio ya bati. Kipoza kimetoboka, basi.

Na mwenye gereji alipaswa kukishuku mapema. Injini ikiunguruma, oili inaweza kuwa na presha ya baa 3 au 4, wakati maji yanazuiwa na kifuniko cha rejeta kwenye baa 1 hivi. Kipoza kikitoboka, oili ndiyo inayosukumwa kwenye maji, kwa hiyo stiki inaweza kubaki safi huku rejeta imechafuka. Ukizima, oili inapoteza presha upesi, maji bado yana yake, na hapo yanaweza kupenya kwenye oili na kuua beringi za krenki. Gasketi ikiungua kati ya silinda na njia ya maji, au hedi ikipasuka, dalili kubwa huwa ni gesi ya moshi ndani ya maji: mpira unakakamaa mara tu baada ya kuwasha, mapovu hayaishi, maji yanatupwa nje. Gesi hiyo inapimika! Kuna kimiminika cha bluu, unavuta hewa ya juu ya maji ya rejeta ipite ndani yake. Kikielekea njano, gesi ipo. Kuna na pampu ya mkono ya kupimia presha ya maji. Gereji yenye bango kubwa barabarani inakosaje hata kimoja?

Wenye gari za otomatiki, uji ukiwa wa rangi ya waridi anzeni na kipoza cha gia boksi kilichomo ndani ya rejeta. Na msiendelee kuendesha, maji yakiingia gia boksi yanaharibu klachi zake.

Nadai pesa yangu ya hedi. Mwenye gereji ananijibu eti gasketi mpya "itakusaidia mbeleni." Mimi sikwenda kununua gasketi, nilipeleka gari litibiwe ugonjwa wake! Simlipi tena mtu kushusha hedi kabla sijaona kipimo kwa macho yangu, na nyie msikubali.

Sasa mipira ya maji imevimba na kulegea kwa oili, yote inabadilishwa, na mfumo mzima unataka kuoshwa upya. Anayemjua fundi hapa Dar mwenye dawa halisi ya kuyeyusha oili, siyo sabuni ya unga, aniandikie hapa.