Naomba ushauri: intaneti ya nyumbani Langoni, Lamu

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nyumba yetu ni ya kale, kuta za mawe ya tumbawe nene karibu dhiraa moja, na waya wa faiba haujafika kichochoroni kwetu. Nimejaribu ruta ya laini ya simu: juu kwenye makuti inashika vizuri, sebuleni hakuna kitu, na jioni kasi huanguka kabisa. Binti yangu anasoma chuo kwa mtandao. Ukikatika katikati ya mtihani, naumia sana.

Nafikiria Starlink, intaneti ya setilaiti iliyoingia Kenya 2023. Lakini sahani yake yataka anga wazi, na Mji wa Kale ni urithi wa dunia tangu 2001.

Mlioifunga huku, chumvi ya bahari haijaila nyaya? Na kibali cha kuiweka juu ya paa huombwa wapi?