Kukaanga kahawa kifamilia Mbinga: bei tuipangeje, na je, tuzikubali oda za maduka ya Songea?

Binti wa Umatengo

Ndugu zangu, habari za jioni. Familia yetu inakaanga kahawa hapa Mbinga mjini. Mama ndiye aliyeanza, akikaangia kwenye sufuria na kuwauzia majirani pamoja na wauza kahawa wa vijiweni. Sasa tuna mashine ya gesi yenye pipa linalochukua kilo 5 kwa mkupuo, na kazi tumegawana: kaka anakaanga, mimi nafungasha na kuuza, mama anachambua punje na kuonja. Kahawa yetu ni arabika, sehemu kubwa inatoka shambani kwetu, na ikipungua tunanunua nyingine iliyokwisha kukobolewa.

Wateja wanaisifu na mzigo unatoka, lakini mwisho wa mwezi faida hatuioni. Bei tuliipanga kwa kuchukua gharama ya kahawa mbichi na kuongeza kidogo, kwa kuhofia kwamba watu watarudi kwenye kahawa ya kopo inayoyeyuka kwenye maji ya moto. Sasa kuna maduka mawili ya Songea yanayotaka tuwapelekee kahawa ya unga ya miezi mitatu kwa mara moja, tena kwa mali kauli, yaani watulipe wakishauza. Kaka anataka tukubali, mama anasita. Naomba ushauri wa wenye uzoefu.

Mkaangaji wa Moshi

Dada, pole na hongera kwa kazi. Mimi pia niko kwenye biashara ya aina hii pamoja na mke wangu, na swali lako la faida ndilo ningeanza nalo kabla ya hayo maduka.

Kahawa inapokaangwa hupoteza maji na sehemu ya uzito wake, kwa kawaida kati ya asilimia 12 na 20, kutegemea umeifikisha kwenye weusi gani. Tuseme kilo moja ya kahawa safi, yaani mbichi iliyokwisha kukobolewa, imekufikia kwa shilingi 10,000, na mkaango wenu unapunguza asilimia 16. Mezani zinabaki gramu 840, kwa hiyo kilo moja ya kahawa iliyokaangwa imekwisha kukugharimu takribani shilingi 11,900 kabla hujalipia gesi, umeme, mifuko, nauli na mikono ya watu. Kwenye pakiti ya gramu 250, tofauti kati ya kupiga hesabu kwa kahawa mbichi na kupiga kwa iliyokaangwa inakaribia shilingi 480. Ikiwa faida uliyoongeza ni ndogo kama unavyosema, huenda yote imeishia hapo. Pimeni kila mkupuo kabla na baada, muandike kwenye daftari, maana upungufu huo hubadilika kaka akichelewa kidogo tu kuishusha kahawa baada ya mlio wa kwanza wa punje kupasuka.

Jambo la pili ni zito zaidi, nami nalisema kwa sababu nimeona familia nyingi zikikwama hapo. Kahawa ya shambani kwenu mnaihesabu kwa bei gani? Kama mnaihesabu kuwa ni bure, au kwa gharama ya kuvuna na kukoboa tu, basi shamba linailisha mashine na ninyi mnadhani mashine ndiyo inayowalisha. Iandikeni kwa bei ambayo mngeipata kama mngeiuza kupitia chama chenu cha ushirika msimu huohuo. Vivyo hivyo kwa kazi ya mama: kuchambua punje mbovu ni kazi ya saa nyingi, na siku atakapochoka mtalazimika kumlipa mtu. Bei isiyoweza kumlipa mchambuzi bado haijawa bei. Na ndugu wanaochukua pakiti za zawadi nao waandikwe.

Mnaponunua ya nje, msikimbilie daraja AA, lile la punje kubwa. Madaraja hayo hupangwa hasa kwa ukubwa wa punje, na ukubwa peke yake hauthibitishi ladha. Daraja B au PB (ile ya punje za duara) iliyosindikwa vizuri, yenye punje zinazolingana, hukaangika sawasawa na mara nyingi huwa na bei nafuu.

Muuza duka, Songea

Shikamoo mama yenu, kwa kuwa katika hili namuunga mkono. Nauza vyakula vilivyofungashwa, na ninaujua upande wa rafuni. Kahawa iliyosagwa huanza kupoteza harufu upesi sana, kwa sababu kila chembe imefunuliwa kwa hewa. Punje nzima huvumilia kwa wiki kadhaa zikifungwa vizuri, lakini unga hauwezi kushindana nazo. Mkipeleka unga wa miezi mitatu, mteja wa mwezi wa tatu atakunywa kitu ambacho mama hakukitengeneza, na pakiti ina jina lenu, wala si la duka.

Kwenye masoko ya miji midogo, nguvu ya mkaangaji mdogo ni kwamba kahawa yake ni ya wiki hii. Viwanda vikubwa vina bei na matangazo, hilo hamtawashinda. Kwa hiyo mngeyajibu maduka hayo hivi: tutaleta mzigo mdogo kila baada ya wiki mbili, pakiti ziwe na tarehe ya kukaangwa, na malipo ya mzigo uliotangulia yatolewe tunaposhusha unaofuata. Mwenye duka anayeuza kwa dhati atakubali, kwa kuwa naye hafungi fedha zake. Anayekataa, ni afadhali kumjua mapema kabla mali yenu haijakaa kwake.

Angalieni pia mifuko. Kahawa iliyotoka kukaangwa hutoa hewa ya kaboni kwa siku kadhaa, na mfuko uliozibwa kabisa hufura na hata kupasuka. Nimewahi kupokea katoni ambayo pakiti zake zilikuwa zimevimba, na wateja wakadhani kahawa imeoza. Mifuko yenye vali ni ghali kidogo, lakini huitoa hewa hiyo bila kuingiza ya nje.

Mhaya wa Bukoba

Niongeze la vibali kwa ufupi. Kabla ya kuingia madukani hakikisheni mna leseni ya ukaangaji kutoka Bodi ya Kahawa na alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango. Anzieni ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ambako wajasiriamali wadogo hupewa barua ya utambulisho ya kupeleka TBS. Mkaguzi ataangalia sakafu, dari, maji na mahali pa kufungashia, kwa hiyo mashine isikae jikoni. Na bomba la moshi lisafishwe mara kwa mara: yale maganda membamba yanayopeperuka wakati wa kukaanga hushika moto kirahisi.

Binti wa Umatengo

Nawashukuru sana. Tumekaa na mama na kaka tukapiga hesabu upya kwa bei ya chama, na kweli tulikuwa tunauza chini ya gharama. Tutapandisha bei, na maduka tutayapa masharti ya wiki mbili. Limebaki swali la mama: kahawa ya msimu huu tuihifadhije ifike msimu ujao bila kupoteza ladha?

Mkaangaji wa Moshi

Mwambie mama asiikoboe yote. Kahawa ikiwa bado ndani ya ganda lake gumu hutunzika vizuri zaidi kuliko kahawa safi, kwa hiyo koboeni ya mwezi mmoja mmoja kama mwenye mashine anakubali mizigo midogo. Unyevu uwe kati ya asilimia 10 na 12. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, na chumba hicho kisiwekwe mafuta ya taa, sabuni wala mbolea, kwa kuwa kahawa hunyonya harufu ya chochote kilicho karibu nayo.