Vikombe vya kuuza na muda wa kubuni

Swali: Ndugu wafinyanzi, mtu anayefanya kazi peke yake katika karakana afanyeje ili vikombe vya kuuza visimmalizie muda wa kubuni?

Jibu: Mfinyanzi Lucie Rie, aliyehamia London mwaka 1938, alijikimu kwa kutengeneza vifungo vya kauri, na kwa kuwa ilimbidi alinganishe glezi (mpako unaogeuka kama kioo juu ya chombo tanurini) na rangi za vitambaa vya wateja, kazi hiyo ya riziki ilimnoa.

Jibu: Naafiki, ila wengi huangushwa na bei: huhesabu udongo, ambao ni nafuu, wakasahau gharama ya tanuri linaloweza kupita nyuzi 1,200 za Selsiasi, pamoja na vyombo vinavyopasuka humo.

Jibu: Mimi, ndugu yangu, kila ninapochoma huacha rafu moja ya tanuri kwa majaribio, hata oda zikibanana.