Naomba ushauri: darubini ya bunduki iliyotengenezwa ng'ambo, ninunue au niachane nayo?

MlengaMbali
Wakuu, salaam. Nashiriki mashindano ya kulenga shabaha, mita 100 hadi 600. Darubini niliyonayo imenivunja moyo. Nikizungusha kifundo cha juu ili kupanda, kisha nikakirudisha palepale kilipoanza, risasi hairudi ilipokuwa ikipiga. Muuzaji kanijibu kwamba tatizo ni mikono yangu, na kwamba kiwanda kiko ng'ambo, hana la kunisaidia.

Nina uwezo wa kununua moja tu nyingine. Zipo mbili mbele yangu: moja ya kampuni kongwe, na nyingine ya kampuni changa, imetengenezwa China, kwa theluthi ya bei. Nimezichungulia zote mbili jioni giza likiingia, na kwa kweli sikuona tofauti ya maana. Ila mwenzangu mmoja anasisitiza kuwa hizi za bei nafuu zimeiba uvumbuzi wa wakubwa. Sitaki mali ya wizi, na sitaki kuumia mara ya pili. Nisaidieni.

MweweMzee
Ndugu yangu, achana na za China. Tumeshaliwa sana. Lipa mara moja kwa kampuni kongwe, ulale usingizi.

FundiLenzi
Mkuu MweweMzee, nakuheshimu, lakini hapo sikubaliani nawe. Nimefungua darubini nyingi kwenye meza yangu, na nchi iliyoandikwa ubavuni haijawahi kuniambia nitakuta nini ndani.

Watu wengi hawajui kwamba majina mengi tunayoyaona hayana kiwanda cha lenzi. Wanachora, wanaagiza, wanabandika jina. Kiwanda kimoja kinaweza kutengeneza darubini za majina matano, na zikatofautiana kama usiku na mchana, kwa sababu kila mwenye jina ameagiza chake. Huyu kaagiza kioo bora na tabaka kadhaa za kuzuia mng'ao kwenye kila uso wa lenzi, yule kaagiza tabaka moja. Huyu anataka skrubu ya kifundo iwe ya chuma kigumu, yule karidhika na shaba laini. La muhimu kuliko yote ni ukaguzi: nani anazipima kabla hazijafungwa kwenye boksi, na zilizofeli zinakwenda wapi? Mwenye jina akikataa mzigo mbovu, kiwanda kitajirekebisha. Akiupokea ili auze rahisi, ndiyo hiyo iliyokufika wewe.

Wajapani walilipitia hili. Baada ya Vita Kuu ya Pili darubini zao za mkononi zilidharauliwa kama vitu vya rahisi. Wakaweka ukaguzi wa lazima kwa zinazouzwa nje, na zile zilizofaulu zikabandikwa stika ndogo ya JTII, taasisi yao ya kukagua darubini, ambayo hadi leo utaikuta kwenye zile za zamani. Leo kampuni kubwa za Marekani zinaagiza Japani baadhi ya darubini zao za juu kabisa, na hakuna anayezidharau.

Na ukongwe nao si kinga. Mwaka 2015 kampuni ya L-3, iliyokuwa ikimiliki EOTech ya Marekani, ilikubali kuilipa serikali ya nchi hiyo dola milioni 25.6 kwa sababu ya vilengeo vya holografia vilivyohama shabaha kwenye joto na baridi kali. Hivyo havikutoka China.

SheriaNaShabaha
Nijibu la wizi, maana linachanganywa sana.

Hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasiige uvumbuzi wake, si ya milele. Kwa kawaida ni miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa, na inalinda katika nchi zilizoitoa tu. Muda ukiisha, uvumbuzi ni wa kila mtu. Zeiss, kampuni ya Ujerumani, walikuwa na hataza ya darubini ya macho mawili yenye prizimu, ambayo lenzi zake za mbele zimeachana kwa upana kuliko macho. Ilipokwisha mwaka 1908, washindani wakaingia kwa wingi, na hakuna aliyekuwa mwizi. Vilevile tabaka la kuzuia mng'ao alilolivumbua Alexander Smakula hapo Zeiss mwaka 1935: leo usipolikuta kwenye lenzi unamshangaa aliyeiuza. Kilengeo cha nukta nyekundu nacho Aimpoint ya Sweden walikitoa mwaka 1975. Wazo lenyewe sasa liko huru, na ushindani ndio uliotuletea betri zinazodumu miaka.

Vinavyobaki na ulinzi ni vipengele. Kampuni ya Trijicon, kwa mfano, waliipa RMR, kilengeo chao kidogo cha nukta nyekundu, umbo lenye pembe zilizoinuka juu, ili ikianguka pigo liende pembeni lisiende kwenye kioo. Umbo hilo walilikatia hataza. Mtengenezaji mwingine anaruhusiwa kutafuta njia yake ya kulinda kioo, lakini kulichukua umbo hilo lilivyo hataza ikiwa hai ni kuvunja haki ya mtu. Na kubandika jina la Trijicon kwenye kitu kisicho chao ni bandia tupu. Hicho usikiguse.

Kwa hiyo kufanana peke yake si ushahidi wa wizi. Wala hataza si cheti cha ubora. Inathibitisha kwamba jambo ni jipya, haisemi kama skrubu imekazwa vizuri.

MweweMzee
Nimewasoma. La EOTech sikulijua. Basi mwambieni ndugu yetu apime vipi, maana kuchungulia jioni hakutoshi.

FundiLenzi
Sawasawa mkuu. Kuchungulia kunapima kioo, na ugonjwa wa darubini yake uko kwenye vifundo.

MlengaMbali, hakikisha bunduki haina risasi, ifunge isitikisike. Simamisha ubao mita 100 kamili, upime kwa utepe, kwa sababu kosa la mita 1 linakupotosha sentimita nzima. Ning'iniza uzi wenye kitu kizito upate mstari wima. Kama vifundo vyako ni vya mili, yaani kipimo cha pembe, mili 1 kwa mita 100 ni sentimita 10. Weka msalaba unaouona ndani ya darubini kwenye alama, zungusha mili 10, uone kama umesogea mita 1 kamili na bila kuuacha uzi. Kisha rudisha kifundo kilipoanza, uone kama msalaba umerudi kwenye alama. Rudia mara tano. Halafu sogeza kichwa bila kugusa bunduki: msalaba ukitembea juu ya alama, kuna paralaksi. Pete zinazoshika darubini nazo kaza kwa kipimo, maana makosa yake mengi husingiziwa darubini.

MlengaMbali
Wakuu, nimerudi. Nimeipima ile ya zamani leo asubuhi, baada ya kukaza pete upya. Kwa mili 10 ilisogea sentimita 94, na katika mara tano iligoma kurudi mara tatu, pengo la hadi sentimita 3. Kumbe mikono yangu haikuwa na kosa! Mwaka mzima nimekuwa nikibadilisha namna ya kuvuta pumzi.

Muuzaji wa ile ya kampuni changa amekubali niifunge na kuipima kabla ya kulipa, na waranti inahudumiwa na wao wenyewe, siyo kuirudisha kiwandani. Wa ile kongwe amekataa isifunguliwe kwenye boksi. Jumamosi naenda na ubao, utepe na uzi. Ikirudi mara tano kati ya tano, naichukua.

SheriaNaShabaha
Hiyo ahadi ya waranti iandikwe kwenye risiti, pamoja na namba iliyochongwa kwenye darubini.